Gauni Lililomkaa Sawasawa

Siku hizi mtu anaingia dukani, ananyofoa suruali kwenye waya, analipa na kutoka. Ikimzidi urefu anaikunja chini. Ikimbana anavuta pumzi. Haya, na iwe. Lakini waliokuwa vijana Élisabethville, Lubumbashi ya leo, katika miaka ile ya baada ya vita wanajua kwamba nguo ya mtu ilikatwa kwa ajili ya mtu huyo mmoja tu, mchana kweupe, kwenye baraza la duka la Mgiriki pembezoni mwa mtaa wa Cité Albert. Na kama mwenyewe alikuwa na bahati, aliyeshika mkasi alikuwa Constantin.

Cherehani yake ilikuwa ya mwisho kwenye baraza, ile iliyopakana na kioo kikubwa cha duka. Alikuwa mrefu, mwembamba, utepe wa kupimia shingoni na kipande cha chaki nyuma ya sikio. Baba yake alitoka kaskazini akaja kutandika reli. Mama yake alifariki yeye angali ananyonya, kwa hiyo akalelewa kambini na wanaume watupu, kisha mabruda wa misioni wakamfundisha ushonaji. Alijua kukata koti likamkaa hata mtu mwenye kibiongo. Yale ambayo mwanamke humfundisha mwanawe jikoni, hayo hakuna aliyemfundisha.

Kitu kingine kilichomtambulisha ni ulimi wake. Constantin alikuwa na kitenzi kimoja. Kwake mambo yote yalikatwa. Asubuhi alikata njia nyuma ya soko ili awahi. Akifika aliwakata maneno wenzake waliokuwa wakibishana habari za mpira. King'ora cha saa sita kikilia alikwenda kukata kiu. Mteja aliyesitasita mbele ya rangi mbili aliambiwa akate shauri, maana kitambaa hakiishi rangi kwa kutazamwa. Msichana akipita na kumtazama kwa dharau, alilitangazia baraza zima kwamba amekatiwa jicho. Na habari ya msiba ikifika, alivua kofia na kusema kwa sauti ya chini kwamba fulani amekata roho. Mafundi wenzake walimtania kwamba siku atakayofika mbinguni atamuuliza Mtakatifu Petro kama tiketi hukatwa palepale mlangoni.

Kulikuwa na padri kijana, mgeni kabisa kutoka Ulaya, aliyetakiwa ajue Kiswahili kabla hajaruhusiwa kuhubiri. Alikuwa akija kukaa kwenye kigoda kando ya cherehani ya Constantin, akimsikiliza akizungumza na wateja.

"Mon Père," Constantin alimwambia, "na hii moja tu, kukata, unaweza kuishi hapa mwaka muzima."

Padri alielewa kukata kitambaa. Kukata kiu alikuelewa kwa shida. Kukata shauri kulimfanya akune ndevu. Walipofika kwenye kukata tamaa, akasimama kabisa.

"Lakini Constantin, tamaa inakatwa na mukasi gani?"

"Ile haifundishwe, mon Père. Utaiona siku yako."

Wakacheka wote wawili, maana wote wawili walikuwa bado wabichi na hakuna aliyekuwa ameiona. Constantin aliiona yake kwa ajili ya Delphine.

Delphine alikuwa binti wa mzee Mumba, mtu wa tanuru la kuyeyushia shaba. Mama yake alikuwa mwanamke wa Kilwa, wa kando ya ziwa Moero, na aliuza samaki wakavu sokoni. Masista walikuwa wamemfundisha Delphine kutarizi, basi akawa anakuja dukani kununua uzi, na alinunua uzi mwingi kuliko vitambaa vyote vya Cité vilivyohitaji kutariziwa. Constantin alipiga hesabu ya uzi huo, akakata shauri. Akamtuma rafiki yake Rigobert awe mshenga. Rigobert alifunga mabehewa kwenye reli. Alikuwa mpana wa kifua, mkubwa wa tumbo, na sauti yake ilitosha kuombea wake watatu kwa mpigo. Posa ikakubaliwa.

Kuanzia siku ile mama yake Delphine akawa buko wake, ndivyo wakwe wanavyoitwa kule, na buko si mchezo. Kijana hamtazami mama mkwe wake usoni, hali chakula mbele yake, hatamki jina lake. Wakikutana njiani anageuza mgongo mpaka mama apite. Si milele: iko siku, mara nyingi baada ya watoto kuzaliwa, mama mwenyewe humwita mkwe wake, akamlisha kwa mkono wake, na tangu hapo huzungumza kama mama na mwana. Mpaka siku hiyo ifike, mgongo ni mgongo.

Hilo Constantin alilijua, na alilishika barabara. Kila asubuhi buko wake alipopita mbele ya baraza na beseni la samaki kichwani, aliacha kukanyaga cherehani, akasimama, akageuza mgongo mpaka apite. Watu walimsifu. Hakuna aliyejiuliza mbele ya mgongo ule uliogeuzwa kulikuwa na nini. Kulikuwa na kioo cha duka, kirefu, kimefutwa vizuri, na ndani yake mama wa Kilwa alikuwa akipita polepole katika jua la asubuhi.

Hakumtazama kwa nia mbaya, jamani. Jicho la fundi halisubiri kutumwa. Liliona bega la kushoto lililoshuka kidogo kwa miaka ya kubeba beseni. Liliona mgongo uliojaa juu, na kiuno kilichopotea chini ya vitenge viwili vilivyofungwa tu, kimoja juu ya kingine. Na Constantin alimhurumia. Aliona wazi kwamba mwanamke yule hajawahi kukatiwa nguo maishani mwake.

Kabla ya harusi, desturi ilimtaka mkwe amletee mama kitambaa. Kitambaa kizima, kimekunjwa kama kilivyotoka dukani, na watu wa mama ndio watakaotafuta wa kukishona. Mwanamume mwingine angefanya hivyo akalala usingizi wake. Constantin alichagua cha buluu ya giza chenye maua madogo meupe, akakitandaza mezani, akakitazama, akaona aibu. Yeye, fundi, apeleke kitambaa kizima kama karani wa posta? Akakata. Akaliinua bega la kushoto kwa pamba nyembamba ili liwe sawa na mwenzake, akalegeza mgongo, akakitafuta kiuno mahali kilipojificha na kukipa nafasi yake. Katika maisha yake hakuwa ameshona kitu kwa mapenzi namna ile. Jumamosi akamkabidhi Rigobert gauni alipeleke.

Rigobert alirudi jioni, akakaa kitandani kwa Constantin bila kuvua kofia.

"Mama bameivaa?" Constantin akauliza.

"Bameivaa."

"Na imemukaa?"

"Imemukaa," Rigobert akasema. "Mabega, kiuno, mikono, yote. Imemukaa sawasawa, ndugu yangu. Njo maana balikasirika."

Kesho yake baada ya misa, Constantin alikalishwa kwenye ua wa mzee Mumba. Buko wake alikuwa ndani, nyuma ya pazia, kama ilivyopaswa. Delphine alisimama kwenye mlango wa jiko. Gauni lilikuwa mapajani mwa Julienne, dada mkubwa wa mzee Mumba, na katika ukoo ule, Julienne akiongea wanaume husikiliza.

"Constantin, ulimupima huyu mama siku gani?"

"Sikumupima, shangazi."

"Delphine njo alikupatia kipimo?"

"Hapana. Delphine hakujua kitu."

"Basi mikono yako ilijua namna gani?"

Angeweza kudanganya. Angesema alimkadiria kwa mwili wa Delphine, na wangetaka kuamini, maana hakuna aliyependa kikao kile. Lakini kazi ile ilikuwa nzuri mno, na uongo ungemshinda mdomoni.

"Nilimuona mu kioo," akasema. "Ya dukani. Wakati nilikuwa namupatia mugongo."

Rigobert akafumba macho. Mtu mmoja nyuma akaguna.

"Mugongo yako ilimuheshimu," Julienne akasema polepole, "na macho yako ilimuzunguka. Hii robe inajua mwili ya buko yako kupita bwana yake. Bantu bataona siku ya ndoa namna inamukaa, bataulizana, huyu fundi alijua wapi?"

Mzee Mumba hakuinua uso. Alisema, kwa sauti ya mtu anayeumwa jino, kwamba afadhali posa irudishwe. Delphine akatia ncha ya kitambaa cha kichwa mdomoni ili asilie. Hapo ndipo Constantin alipouona mkasi ambao padri aliuulizia, na ulikuwa na makali. Alifikiri juu ya Delphine na uzi wake wote ule, na alijua kwamba akimkosa hatamtafuta mwingine.

Alishuka kitini akapiga magoti. Julienne akakata mambo, yeye na si mwingine.

"Weye ulishona, weye utafumua. Utaishona tena na mikono yako, na isimukae. Kabisa isimukae! Buko yako ataivaa siku ya ndoa mbele ya bantu bote. Mutu akiuliza nani alishona, utasema ni miye. Na hautasema juu ya nini, ile sababu. Ukisema juu ya nini, utamupatia haya mara ya pili."

Pa kukata rufaa hapakuwapo.

Mnadhani ni rahisi fundi kuharibu? Constantin alifumua gauni, akaanza kulishona vibaya, na mikono ikakataa. Akipindisha mshono, vidole viliunyoosha. Akisogeza bega, lilirudi mahali pake. Mwishowe alimwita Rigobert chumbani, akafunga mlango, akamwambia asimame wima na kuinua mikono. Akampima tumbo, akampima kifua, akampima zile shingo zake mbili, akaunga vipande vya kitambaa kilichobaki, akalishona upya kwa kipimo cha mfunga mabehewa. Rigobert alipojaribishwa, amesimama katikati ya chumba ndani ya maua madogo meupe, walicheka mpaka wakalia. Kisha Rigobert akanyamaza, na Constantin akaendelea kulia peke yake.

Siku ya harusi jua liliwaka vizuri. Watu walijaa kwenye ngazi za kanisa wakiwa wamependeza, nusu yao katika suti alizozikata bwana harusi mwenyewe. Katikati yao alisimama mama wa Kilwa, uso kaugeuzia pembeni kwa heshima ya mkwe, mikono imemezwa na mikono ya gauni, kiuno kimepotea tena, safari hii bila matumaini ya kupatikana. Minong'ono ilikuwa imekwisha kuanza. Padri kijana hakujua lolote. Alitaka tu kuonyesha Kiswahili chake mbele ya watu.

"Constantin! Robe ya mama, nani alikata?"

Watu wote kwenye ngazi wakageuka.

"Ni miye, mon Père."

Padri alicheka, akidhani ametaniwa. Akautazama uso wa Constantin, akaacha kucheka. Delphine aliubana mkono wa mumewe kwa nguvu, na hivyo ndivyo walivyoshuka ngazi.

Jina la Fundi wa Magunia lilimfika Jumatatu asubuhi hata hajakalia kiti. Karani mmoja alikuja kuchukua kitambaa chake kabla hakijakatwa, akasema ameghairi. Mgiriki mwenyewe alikuja kumuuliza kama anaumwa macho. Constantin aliinamisha kichwa akakanyaga cherehani. Delphine alipomsihi usiku aseme ukweli japo kwa wenzake wa barazani, alimjibu kwamba shauri lilishakatwa. Ila alifanya jambo moja: aliihamisha cherehani yake kutoka kwenye kioo, akaiweka upande wa pili, ukutani. Tangu hapo buko wake alipopita na beseni, Constantin aligeuza mgongo akatazama matofali.

Wateja walirudi mmoja mmoja, kwa sababu watu husengenya Jumatatu na kutaka suruali Ijumaa. Lakini kila Jumapili, mvua au jua, mama mkwe wake alikwenda misa ndani ya gauni lile. Angeweza kulitupa, harusi ilikuwa imekwisha. Hakulitupa. Constantin alilijua kwa sauti, maana lilikuwa pana kiasi cha kuchakacha, na kila alipolisikia likipita nyuma ya mgongo wake aliamini kwamba bado anaadhibiwa. Alimpenda mkewe, aliwapenda watoto waliozaliwa, na bado sauti ile ilimuumiza. Mtu akijivunia kitu kimoja tu maishani, huwezi kumwambia akisahau.

Kisha mzee Mumba akaachishwa kazi kwa uzee, na yeye na mkewe wakapanda lori kurudi Kilwa kabla mkwe hajalishwa. Njia ya huko ilikuwa mbaya. Msimu wa mvua hata barua zilikwama. Siku ya kumlisha mkwe ikawa inaahirishwa mwaka hadi mwaka. Constantin alianza kuota mvi. Kwenye duka la Mgiriki zikaanza kuning'inia nguo zilizoshonwa tayari, na watu wakazigusa wakicheka, kisha wakazinunua.

Mzee Mumba alipofariki, mama alirudi mjini, mgonjwa, akafikia kwa Delphine. Jambo la kwanza alilosema, hata kabla ya kupelekwa hospitali, ni kwamba hatakata roho akiwa na mkwe ambaye hajamlisha. Julienne, mzee sasa, akaja na fimbo yake kusimamia. Ukapikwa bukari, yaani ugali, wakapikwa samaki wa Moero aliotoka nao huko. Constantin aliingia akiwa ameinama, akakaa mkekani. Mkono ukaja mdomoni mwake na tonge. Akala.

"Basi," mama akasema. "Sasa nitazame."

Akainua uso. Mwanamke wa kwenye kioo hakuwapo. Bega la kushoto lilikuwa lilelile limeshuka, lakini mgongo uliojaa ulikuwa umekwisha, na mikono ilikuwa myembamba kama ya msichana. Constantin alihuzunika kuliko alivyotegemea. Miaka yote ile alikuwa amekaa na kipimo cha mtu huyu moyoni, na kumbe mtu mwenyewe alikuwa akipungua.

Mama aliingiza mkono kwenye furushi lake, akatoa gauni, limepauka, limekunjwa vizuri.

"Robe ya Rigobert," akasema.

Constantin akashtuka.

"Unazani sikujua? Nani mwingine alikuwa na tumbo ya vile?"

Julienne akacheka mpaka akakohoa. Constantin hakucheka. Aliuliza swali ambalo alikuwa amelibeba tangu ujanani.

"Mama, sasa juu ya nini ulikuwa unaivaa kila dimanche? Nilizani unaniazibu."

"Kukuazibu? Ningeiweka mu sanduku, bantu bangesema nilikukatala. Nilivaa juu bajue niko na mukwe."

Akalipapasa gauni.

"Lakini ile ya kwanza, mwana wangu. Balinivalisha mu chumba, Julienne akaanza kulalamika. Nilisikia haya, ni kweli. Na nilisikia kitu ingine. Tangu kuzaliwa nguo ilikuwa inanifunika tu. Ile ilinijua. Wakati ya kuivua nililia, bote bakazani ni haya. Nikatie ile."

Constantin alitoa utepe shingoni, akaukunjua, akasogea ampime. Mama akausukuma utepe pembeni.

"Mètre ya nini? Kata ya ule mama wa mu kioo."

"Umekonda, mama. Itakuwa kubwa."

"Kata."

Akaenda dukani, akapata buluu iliyokaribia ile ya zamani. Akaitandaza mezani kwake nyumbani, milango wazi, watoto wakipita. Hakupima kitu. Bega la kushoto akaliinua kwa pamba, mgongo akaulegeza, kiuno akakipa nafasi yake, na wakati wote alikuwa akiiona ile asubuhi, baraza, jua, beseni la samaki likipita polepole. Delphine alikuja kusimama karibu, akaona anachokata, akarudi jikoni.

Jumapili wakampeleka mama misani wakimshika mikono huku na huku. Gauni lilimning'inia. Kila mwenye macho aliona kwamba lilikatwa kwa ajili ya mwanamke mwenye mwili, na kwamba mwanamke huyo alikuwa ameondoka zamani. Padri alikuwa amesimama kwenye ngazi zilezile, hana ujana tena, Kiswahili chake kikiwa kizuri kupita cha vijana wengi wa Cité. Alimsalimu mama kwa mikono miwili. Labda alikuwa amesahau, labda alikuwa hajasahau.

"Mama, robe yako iko muzuri. Nani alikata?"

Watu waliokuwa wakishuka wakapunguza mwendo.

"Ni miye, mon Père," akasema. "Naona iko kubwa kidogo, lakini…"

Mama mkwe wake akamkata maneno. Alisema kwa sauti, akiwa amemshika mkono, ili hata waliokuwa chini kabisa ya ngazi wasikie.

"Kubwa wapi? Inanikaa sawasawa. Huyu mwana wangu anajua kipimo yangu."